Moto wa Mapema Kipara

Kisiwa chenyewe si kitu cha kujivunia. Ukisimama ufukoni mwa ziwa la Nzilo, upande wa kijiji cha akina Rachelle, unakiona chote kwa mara moja: kilima kilichobakiza kichwa nje ya maji wakati Wazungu walipoziba mto Lualaba kwa ajili ya umeme. Mtu mwenye miguu mizima anakizunguka kabla ugali wake haujapoa. Watu wanakiita Kipara, na zamani jina hilo lilikuwa la haki kabisa, kwa sababu wachoma makala, yaani makaa ya kupikia, walikivamia wakakinyoa. Walikata muputu, wakakata mubanga, wakakata hata misuku yenye matunda, wakapakia magunia kwenye mitumbwi na kwenda zao kuuza Kolwezi. Miti ilipokwisha wakasema kisiwa kimekufa, wakakiacha. Wachoma makala ndivyo walivyo. Wakimaliza kitu, wao husema kimekufa.

Mama Adolphine Mbuyi alifika Kipara akitafuta mahali pa kupanda mihogo. Mumewe Ntambwe, fundi wa mashine mgodini, alikuwa amefariki, na kampuni ilikuwa imeanza kuyumba. Mshahara wa walio hai na wenye afya ulikuja ukipenda, sembuse haki za mjane. Kilichombakia Adolphine kilikuwa nyumba ya kampuni kule Dilala, binti yake Laure, na mdomo. Huo mdomo usemwe mapema, ili mtu asije akashangaa mbele ya safari: Adolphine hakujua kusema jambo kwa upole hata alipotaka, na nusu ya waliomwogopa sokoni walikuwa wamewahi kumpunja.

Aliyemvusha siku ile alikuwa Rachelle Kabemba, mwanamke wa pale kijijini, mwenye mtumbwi wake mwenyewe na maneno machache. Walipofika, Adolphine aliinua jembe ang'oe kisiki kilichokuwa njiani mwa tuta lake la kwanza. Rachelle akamshika mkono.

"Acha, mama. Ile haiyakufa."

"Haiyakufa namna gani? Haina hata jani moja."

"Angalia pembeni. Iko inaota yenyewe."

Adolphine akainama, na kweli, kwenye gamba la kisiki, chini kabisa, palikuwa na vichipukizi vyekundu, vidogo kama kucha za mtoto. Akaenda kwenye kisiki cha pili, cha tatu, cha nne. Vyote vilikuwa vinaota. Kisiwa kizima kilikuwa hai chini ya majani, na wachoma makala hawakuwa na habari.

"Sasa mbona hazikomae?" akauliza.

"Moto," Rachelle akasema. "Kila mwaka moto inakula."

Hapo ndipo alipofundishwa jambo ambalo Rachelle alilipata kwa bibi yake. Nyasi zikiachwa hadi mwezi wa tisa zinasimama kiunoni, kavu, na cheche yoyote ya mvuvi anayekausha samaki inaondoka na kila chipukizi hadi mzizini. Dawa yake ni kuutangulia moto huo. Mwezi wa tano ukiisha au wa sita ukianza, nyasi zikiwa bado nusu mbichi, unazichoma wewe mwenyewe, jioni, upepo ukikujia usoni. Moto wa namna hiyo ni mvivu. Unatambaa, unaramba vilivyokauka, unaviacha vibichi, na umande ukianguka unazimika wenyewe. Mwezi wa tisa, moto mkubwa ukija, haukuti chakula.

Basi wakawa wanachoma pamoja, mwaka hadi mwaka. Mihogo ya Adolphine ilibaki kwenye kipande cha mchanga karibu na maji, na kwingine kote aliiachia miti. Mwanzoni msitu ulikuwa viraka viwili, kimoja kaskazini na kingine kwenye kibonde. Halafu viraka vikasogeleana, vikashikana, vikapanda kilima. Rachelle alikuwa na mbuzi jike aliyemwacha kisiwani, na kwa miaka mitatu aliweza kumwona mnyama huyo kutoka kijijini, amesimama kileleni. Siku alipokosa kumwona alidhani ameibwa. Wakavuka mbio kumtafuta, wakamkuta anatafuna chini ya kivuli, ametulia tuli. Waliketi pale wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kivuli kikaleta uyoga. Muputu ulipozeeka kidogo ukaleta viwavi, vile vinene vinavyoliwa, na wanawake hao wawili wakawa wanapanda Kolwezi na mabeseni yamejaa. Palibaki pasipo mti pale tu palipokuwa na tanuru za makala, maana udongo wa pale ulikuwa umeiva kama chungu. Jina la Kipara nalo lilibaki, kwa uvivu wa watu. Adolphine alikipenda kile kisiwa, na aliyasema hayo wazi, kwa sauti, kama alivyosema mambo yake yote. Alikuwa amezika mume na watoto wawili Kolwezi, na Kipara ndicho kitu pekee alichokiona kikirudi.

Mwaka 1993, mwezi wa tatu, vijana walikuja Dilala nyumba kwa nyumba. Walikuwa na neno la Kifaransa la kusema nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji. Baba yake Rachelle alikuja kwa treni kutoka kaskazini ya Katanga kujenga bwawa. Baba yake Adolphine alikuja kwa treni kutoka Kasai kuchimba shaba. Treni zile zilifuata reli ileile, lakini huyu aliitwa mwenyeji na yule akaitwa mgeni, na Adolphine, aliyezaliwa kambini Kolwezi na ambaye hakuwa amewahi kuiona Kasai hata kwenye picha, akaambiwa arudi kwao. Alipouliza kwao ni wapi, mmoja alimwonyesha kwa kidole, na alionyesha upande wa Zambia.

Kwa hiyo yeye, Laure na Wakasai wengine wakahamia stesheni, ambayo kila mtu pale huiita gare. Maelfu ya watu walikaa pembezoni mwa reli, chini ya maturubai na mashuka. Treni ilikuja ikitaka. Ikija inajaa hadi paani, na waliobaki wanarudi kukaa. Watoto walikufa kwa kuhara, wakazikwa nyuma ya stesheni. Adolphine na Laure walikosa treni ya kwanza, wakakosa ya pili, na mwezi wa nne ukawaishia hapohapo.

Rachelle alikuja mara moja, na unga kwenye kitenge. Alikaa ukingoni mwa turubai akiangalia huku na huku, mtu mwenye haraka ya kuondoka.

"Nyumba yangu nani anaikalia?" Adolphine akauliza.

Rachelle akakunjakunja kitenge. "Stany."

Stany ni mdogo wake Rachelle, kijana aliyekula ugali wa Adolphine kila siku ya soko tangu hajaota ndevu. Sasa alikuwa mkubwa wa vijana wa upande wa ziwa. Adolphine, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaliacha jambo lipite, kwa sababu alikuwa na lingine kubwa zaidi.

"Kipara utachoma lini?"

"Ee, mama. Sasa hivi njo wakati ya kuniuliza ile?"

"Majani inaanza kukauka. Nakuuliza lini."

"Bantu ba kijiji banajua kama tulikuwaka pamoja, mi na weye. Bakiniona nalinda kisiwa ya Mukasai, batasema nini? Tutaona mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane ni kuua. Weye mwenyewe ulinifundisha."

Rachelle akakusanya kitenge chake. Alisimama, akampa Laure mkono, akaenda zake akipita kando ya watu. Adolphine alimtazama mpaka akapotea, na akajua kwamba Rachelle hatachoma. Hakumwona mbaya, alimwona mwoga, na woga wa siku zile ulikuwa na sababu. Lakini hesabu ilikuwa wazi. Asipochoma mtu mwezi huu au ujao, mwezi wa tisa machipukizi yote na miti michanga itakwenda, na visiki vilivyokwisha kukatwa mara moja, vikiungua sasa vikiwa vimepeleka nguvu zao zote juu, haviinuki tena. Kisiwa kitakufa kweli safari hii, na yeye atakuwa mahali fulani anapoitwa kwao, asijue.

Mwisho wa mwezi wa tano akakata shauri kwenda kuchoma mwenyewe. Alimwambia Laure asubuhi gizani.

"Mama, na treni ikikuja?"

"Upande. Mi nitafuata na ingine."

"Unaniacha juu ya miti tu, sababu ya miti?"

"Juu ya miti tu," Adolphine akasema, akajifunga kitambaa.

Alitoka na wanawake waliokwenda kutafuta sombe, majani ya mihogo, mashambani, kisha akaachana nao na kushika njia ya ziwa. Jua lilikuwa limekwisha kupinda alipofika. Mtumbwi wa Rachelle ulikuwa palepale unapofichwa siku zote, ndani ya matete, na kafi lake chini ya majani. Hakwenda kubisha hodi kijijini. Alisema moyoni kwamba asipomwomba mtu, hakuna atakayelazimika kumnyima.

Kisiwani alizunguka kwanza. Nyasi alizipapasa kwa vidole: za juu zilikuwa zimekauka, za chini bado zilikuwa na maji. Zilifaa. Alisubiri jua lishuke, upepo upungue, kisha akawasha upande wa chini na kurudi nyuma polepole akiburuta tawi la majani mabichi, akizima ulipotaka kupanda kwenye mashina, akiuchokoza uliposinzia. Moshi ulikuwa mzito na mweupe, maana nyasi zilikuwa na maji. Moto ulifika kwenye magoti ya miti ukapita. Adolphine alikohoa, akalia machozi ya moshi, akajisikia vizuri kuliko siku yoyote tangu mwezi wa tatu. Ulipokishika kilima kizima kwa mstari mmoja mwembamba, akajua umande utamalizia, akarudi kwenye mtumbwi.

Kosa lake lilikuwa moja, nalo ni la mtu anayejua kazi yake mno. Alifikiri moshi ule kila mtu atausoma kama yeye.

Ufukoni palikuwa na watu. Alipokuwa bado majini aliwaona wamesimama, na mbele yao vijana wa mjini, wale wasiojua tofauti ya moto na moto. Waliuvuta mtumbwi hadi nchi kavu na yeye akiwa ndani. Kijana mmoja alikuwa na kidumu cha petroli, na hakuwa amekileta kwa ajili ya pikipiki. Nyuma walisimama wazee wa kijiji. Hao walikuwa wanachoma majani mapema tangu kabla ya bwawa, na moto wa Kipara walikuwa wameuona kila mwaka. Walikuwa wanaangalia vidole vya miguu yao.

Stany akasogea. Alikuwa amevaa koti la marehemu Ntambwe. Adolphine alilijua kwa kifungo kimoja ambacho alikuwa amekishona mwenyewe kwa uzi wa rangi nyingine.

"Kumbe ni weye," Stany akasema. "Bantu banasema Bakasai banachoma bitu yetu mbele ya kwenda. Mi nikasema hapana, ni bongo, uongo tu. Na sasa naona."

"Sikuchoma juu ya kuharibu. Nimechoma juu ya kulinda."

Vijana wakacheka. Kuchoma kwa ajili ya kulinda: maneno hayo yalipita mdomo hadi mdomo mpaka nyuma, na kila yalipopita yalizidi kuonekana ya kichaa. Adolphine aliwageukia wazee.

"Tata, semeni basi. Munajua ile moto ni ya nini."

Wazee wakazidi kuinamisha vichwa. Mmoja alijitia kukohoa. Yule wa kidumu akaanza kufungua kifuniko, taratibu, akimwangalia Stany usoni kuona kama atazuiwa, na Stany hakumzuia. Hapo Adolphine aliogopa. Akashika ukingo wa mtumbwi, na ule mdomo wake wote ukakosa neno.

Rachelle alitokea upande wa nyumba, anatembea, hakimbii. Alipita katikati ya vijana kama anakwenda kuteka maji, akaja akasimama kando ya mtumbwi wake, akaukagua kwanza, kana kwamba hilo ndilo lililomleta.

"Ule moto ni yangu," akasema. "Njo miye nilichoma."

"Dada, tumemuona huyu anatoka kule."

"Nilichoma mapema, nikarudi. Yeye nilimupa hii bwato yangu, aende atafute masufuria yake. Kila mwaka nachomaka ile kisiwa. Uliza bazee."

Sasa wazee walipata sauti. Ndiyo, kila mwaka kisiwa huchomwa, wakasema, ni kweli, ni desturi. Waliisema haraka na kwa furaha, maana ilikuwa kweli na tena haikuwagharimu kitu. Kijana wa kidumu alikunja uso. Stany akamsogelea dada yake.

"Na tangu lini kisiwa ni ya kwako?"

"Tangu zamani."

"Bantu banasema ni ya huyu mama. Uyoga ni yake, biwavi ni yake, alipanda kule miti."

"Hakupanda kitu," Rachelle akasema. "Kule hakuna muti wa kupandwa. Inaota yenyewe, ku udongo ya kwetu. Huyu alikuwa ananisaidia kubeba beseni, paka ile tu. Hana kitu kule."

Adolphine alisikia kila neno. Alichokuwa akikitaka kilikuwa kimepatikana: moto umekubaliwa, mwenye moto amepatikana, mwaka ujao na unaofuata kuna mtu aliyesema mbele ya kijiji kizima kwamba kuchoma Kipara ni kazi yake. Na palepale alikuwa ameibiwa, mbele ya macho ya watu, na mtu anayemwokoa. Vyote viwili viliingia kifuani mara moja, akashindwa kujua kipi kinamuuma.

Stany akamgeukia. "Sema weye mwenyewe. Kisiwa ni ya nani?"

Alimwangalia Rachelle. Rachelle alikuwa ameinama, anakung'uta matope kwenye kafi.

"Ya Rachelle," Adolphine akasema.

"Sema bantu basikie."

"Kisiwa ni ya Rachelle. Mi sina kitu kule."

"Na hukuwahi kuwa na kitu."

Adolphine alikitazama kile kifungo cha uzi wa rangi nyingine. Mtoto mmoja alilia akanyamazishwa.

"Sikuwahi kuwa na kitu," akasema.

Stany alitikisa kichwa kukubali, akamwambia yule kijana afunge kidumu chake, petroli ni ghali. Watu wakaanza kutawanyika kwa mazungumzo ya kawaida, bei ya samaki, treni itakuja lini. Mzee aliyekohoa alimpa Adolphine mkono, na yeye akaupokea kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuukataa.

Rachelle alimsindikiza hadi penye njia kuu. Adolphine alikuwa akingoja waachane na macho ya watu, ili Rachelle acheke kidogo, au amshike bega, aseme ilikuwa ni ujanja tu. Walifika njia kuu, hapakuwa na mtu yeyote, na Rachelle hakucheka.

"Utachoma mwaka kesho?" Adolphine akauliza.

"Nitachoma."

"Mapema?"

"Mapema. Juu ya nini nisichome? Ni ya kwangu."

Alisema hivyo kwa sauti yake ya siku zote. Adolphine akapumua.

"Asante, Rachelle. Kama si weye wangeniua." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha jambo moyoni, akaongeza, "Siku haya mambo yakiisha, nikirudi, tutagawana tena. Kama zamani."

Rachelle alimtazama usoni kwa mara ya kwanza jioni ile. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyafuta.

"Usirudi, Adolphine," akasema. "Nimekwisha kusema mbele ya bantu."

Akageuka, akarudi kijijini. Adolphine alibaki amesimama kidogo, kisha akashika njia ya gare, kwa sababu Laure alikuwa peke yake na haikujulikana treni itakuja lini.